Taa ya mimea ya ndani: wati 20, wati 100 au ile ya zambarau?

kotimiri_oslo: Wakuu, habari za huko mliko. Niko Oslo, Desemba mchana wote una urefu wa saa sita hivi, na jua lenyewe la kuchungulia tu. Nina rafu ya sentimita 60 kwa 30. Nataka kuotesha kotimiri na mchicha, tena kuna chungu cha urujuani wa Usambara, lile ua la ndani. Dukani nimeona taa tatu: LED nyeupe ndefu ya wati 20, paneli ya wati 100, na ya klipu yenye mwanga wa zambarau iliyoandikwa “wati 1000”. Hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote. Nichukue ipi?

fundi_umeme: Ya 1000 weka kando. Namba hiyo ni ya kujilinganisha na taa za zamani. Geuza boksi usome umeme inaokula hasa. Ukikuta 20 usishangae. Hata wati za kweli hazisemi mwanga gani unafika kwenye jani. Hilo hupimwa kwa maikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde, yaani wingi wa chembe za mwanga zinazofika hapo. Jua la utosi hufika kama 2,000. Urujuani hutosheka na 100 au pungufu, mboga nyororo 150 hadi 250, nyanya zinataka 400 na zaidi.

kotimiri_oslo: Sasa kaka, maikromoli nitazipimaje? Vifaa vyake bei si ya kitoto.

mkulima_ghorofani: Simu yako inatosha kwa makadirio. Pakua programu ya kupima laksi (kipimo cha mwangaza), laza simu pale majani yalipo, kioo kikitazama taa. Kwa LED nyeupe gawanya kwa 70: laksi 14,000 ni kama maikromoli 200. Kwa zambarau hesabu hiyo haifai kabisa, maana laksi hufuata jicho la binadamu, nalo huona kijani vizuri kuliko nyekundu na buluu. Taa itaonekana dhaifu kumbe mmea unashiba.

bi_maua: Mwanangu, urujuani kwao ni misitu ya Usambara, kwenye miamba yenye kivuli. Ukiuweka chini ya paneli kali, majani ya katikati hubanana na kupauka. Upe kona ya rafu, katikati waachie kotimiri.

fundi_umeme: Kwa rafu hiyo taa moja ya wati 20 itatoa kama 150 ikining'inia karibu. Mbili ndiyo saizi yake. Paneli ikiwaka saa 16 inakula yuniti 1.6 kwa siku, na nusu ya mwanga itamulika ukuta.

mswahili_malmo: Hapo nabisha. Mchicha ni mmea wa jua kali, hutengeneza chakula chake kwa njia ile ile ya mahindi na mtama. Kwa 150 utavuna vijiti virefu vilivyolegea. Anayetaka mchicha wa kupika, si wa kupamba, achukue paneli yenye kipunguza mwanga.

mkulima_ghorofani: Kweli, ila angalia na saa. Kotimiri ikipata mchana mrefu huwahi kutoa maua. Mchicha wa aina nyingi hufanya hivyo mchana ukiwa mfupi. Kwa hiyo ningewasha kwa muda wa saa 14, si 16, na kuongeza nguvu kidogo: maikromoli 230 kwa saa 14 ni moli 11.6 kwa siku (moli moja ni maikromoli milioni). Kotimiri inakwenda vizuri hapo.

kotimiri_oslo: Basi nachukua mbili za wati 20 na taima. Mchicha utangoja Mei, nitaupanda kibarazani.

bi_maua: Sawa. Pale kwenye kona ya urujuani simu ikisoma zaidi ya laksi 7,000, usogeze nje kidogo. Na usiumwagie maji baridi majani, yatatoka madoa halafu utasingizia taa.