Boila ya mvuke inakula mafuta kupita kiasi na vyumba vya juu havipati joto

baba_wawili:
Wakuu habarini, naombeni msaada nimechoka kabisa. Nyumba yetu inapashwa joto kwa mvuke, ule mfumo wa zamani wa bomba moja, yani mvuke unapanda na maji yanarudi humo humo. Chini joto mpaka tunafungua madirisha, juu wanakolala watoto rejeta ya mwisho (lile dude la chuma la kupasha chumba) inapata vuguvugu upande mmoja tu, upande wa pili baridi kama jiwe. Boila inanguruma karibu saa nzima ndo chumba hicho kianze kupata kitu, na ikiwaka tu mabomba yanagonga utadhani kuna mtu ana nyundo humo ndani. Nimepandisha presha mpaka psi 5 nikijua mvuke utafika mbali, wapi, naona mafuta ndo yanaisha haraka zaidi. Ninunue boila kubwa au kuna kitu nimekosea?

fundi_mvuke:
Mkuu usinunue kitu kwanza, na hiyo presha ishushe leo leo. Nyumba ya kawaida haihitaji hata psi 2, mimi swichi ya presha naiseti boila iwake presha ikishuka hadi psi nusu na izime ikifika psi moja na nusu. Ukipandisha presha unaubana tu mvuke na kuchoma mafuta bure.

Adui yako ni hewa. Boila ikiwa imezima mabomba na rejeta zote zimejaa hewa, na lita 1 ya maji ikichemka inatoa karibu lita 1,700 za mvuke, sasa huo wote utapita wapi kama hewa haijatoka? Shuka chini, fuata bomba kuu mpaka mwisho wake, utakuta valvu ya kutoa hewa. Zima boila, iache ipoe kabisa, ifungue kwa spana, ifute halafu ipulize kwa mdomo. Ikiwa baridi inatakiwa ipitishe pumzi bila shida, ikigoma ujue imekufa. Hapo kwenye bomba kuu weka kubwa, hewa itoke upesi. Kwenye rejeta ndo uwe makini, valvu za hewa za karibu na boila ziwe za polepole na za mbali ziwe za haraka.

nyumba_kongwe:
Naongezea kuhusu huo mlio. Ni maji yaliyotuama, mvuke ukiyakuta unayachukua na kuyabamiza kwenye kona. Weka pimamaji juu ya kila rejeta, lazima ilalie kidogo upande bomba linakoingilia ili maji yarudi, kama imelala kinyume ingiza kabari chini ya miguu ya upande wa pili. Na ile koki ya kwenye rejeta kwenye mfumo wa bomba moja ni wazi kabisa au imefungwa kabisa, hakuna nusu nusu! Watu wengi wanaibana kidogo kupunguza joto, kumbe ndo maji yanakwama hapo.

Halafu mabomba ya chini yamefunikwa au yako wazi? Kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kunakula joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyatoa nyuzi 0 hadi 100, na joto lote hilo mvuke unaliachia pale unapogeuka maji. Ukigeukia kwenye bomba tupu huko chini, umepasha joto chumba ambacho hakuna anayelala. Vika fibaglasi ya unene wa sentimita 2 na nusu, na kona usiziache. ILA kama mabomba yana kitu cheupe kigumu kama plasta usikiguse wala kukikwangua, inaweza kuwa asbesto, vumbi lake linaleta kansa, ita wenye ujuzi nayo.

baba_wawili:
Wakuu nimerudi. Ile valvu ya bomba kuu imepigwa rangi juu yake, nimepuliza mpaka masikio yameuma haipiti hata chembe. Nimeweka mpya, presha nimeshusha, na rejeta ya juu kweli ilikuwa imelala kinyume. Jana usiku dakika kama 20 tu imepata moto mwanzo hadi mwisho, na kugonga kumebaki kidogo sana. Wanangu wamelala bila masweta. Mungu awabariki. Kufunika mabomba naanza wikiendi, yako wazi yote. Kitu kimoja, kwenye kile kioo cha boila cha kuonyesha kiasi cha maji, maji yanaruka juu chini na yana rangi ya chai, ni kawaida?

fundi_mvuke:
Safi sana mkuu! Hapana, yakirukaruka hivyo mara nyingi kuna mafuta yanaelea juu, na mvuke unaondoka umebeba maji, kugonga kulikobaki kunaweza kuwa hapo hapo. Yanatakiwa yamwagwe kwa juu, yani unaongeza maji taratibu mno, uzi mwembamba, uchafu ufurike kupitia tundu la pembeni, saa kadhaa usiharakishe. Ukimaliza ichemshe siku hiyo hiyo ili hewa iliyoingia na maji mapya itoke, oksijeni ndo inakula chuma. Na angalia kioo kila wiki, ukiona unaongeza maji mara kwa mara kuna mahali panavuja, tuletee hapa tupatafute.