Mrejesho: yule wa mgongo aliyetaka kuendesha trela

Wasee, mnakumbuka niliuliza kama naweza anza kazi ya dere wa lori na daktari ameniandikia nisiinue zaidi ya kilo 10 kwa sababu ya mgongo? Basi nimepata. Leseni nilishapanda hadi CE, ile ya trela. Kampuni ya kwanza huku Industrial Area ilinikataa hata sijakaa, eti dere lazima afunge turubai mwenyewe, na kusema ukweli hawakukosea, nilijaribu kuvuta ile kamba mara moja tu kiuno kikalia. Aliyeniambia hapa nitafute kazi ya kubeba kontena, ubarikiwe bana. Kontena inapakiwa na kreni, mimi nashuka tu kuangalia zile loki za kona zimeshika, kubadilisha tairi ni kazi ya taniboi, msaidizi wa dere. Barua ya daktari nilimwonyesha bosi kabla ya kusaini, sikuficha. Shida imebaki kupanda kabini, napanda kama mzee anaingia matatu, na kukaa pia, Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, kwa hivyo Mtito Andei lazima nishuke nijinyooshe, wacha taniboi acheke. Kesho napakia Embakasi.