Naombeni ushauri: stoo ya chini ya nyumba inafaa kuwa handaki?

Mtoto wa Mama: Wakuu, heshima zenu. Tulipo ving'ora vimeanza kulia usiku. Handaki la umma lipo, ila kwa mwendo wa mama yangu hatulifikii. Chini ya nyumba kuna stoo ya zege, mlango mmoja, haina dirisha. Tuko saba. Nina hela kidogo, nataka kuongeza unene wa dari. Niko sahihi?

FundiZege: Acha dari kwanza. Mlango mmoja ndio ugonjwa wako. Nyumba ikishuka, kifusi kinaziba ngazi na mmekwisha. Toboa tundu la pili upande mwingine, mtu mzima apite akitambaa. Mwite anayejua nguzo kabla hujashika nyundo.

Mzee wa Ngazi: Na ngazi usizidharau. London, 3 Machi 1943, kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Bethnal Green: watu 173 walikufa wakishuka kujificha, wala bomu halikuanguka pale. Giza, ngazi zimelowa, mmoja akajikwaa, wa nyuma wakamlalia. Weka pa kushika, paka kingo rangi nyeupe. Mama atangulie, msimsukume.

Mpitanjia: Kazi bure. Handaki la Amiriyah, Baghdad, 13 Februari 1991: zege nene, bomu likapenya, raia zaidi ya 400 wakafa.

FundiZege: Lile lilikuwa bomu la kutoboa zege, na lililengwa pale pale. Stoo haizuii hilo. Inakinga vipande, vioo na kishindo cha bomu lililoanguka mtaa wa pili.

Mtoto wa Mama: Nimewaelewa. Jenereta nitaiweka humo humo, isiibwe.

Nesi Mstaafu: Weee! Ikiibwa iibwe! Moshi wake una gesi isiyo na harufu, mtalala msiamke. Jiko la mkaa vilevile. Tumieni tochi. Toboeni matundu mawili ya hewa, moja chini, moja juu. Maji, ndoo yenye mfuniko, dawa za mama. Kichwa kikianza kuwauma wote kwa pamoja, tokeni mkapate hewa.

Mtoto wa Mama: Jenereta nimeitoa. Tatizo, upande wa pili ni stoo ya jirani.

Mzee wa Ngazi: Hapo umebahatika. Miji ya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili walitoboa kuta za namna hiyo, wakaziba kwa matofali mepesi ya kubomoka haraka. Kaongee naye. Nyundo moja kwako, moja kwake.