Tupeane uzoefu: uhalifu wa mtandaoni uliokukuta wewe au mtu wako wa karibu

Mwanzilishi wa mada
Wakuu, asubuhi hii mwenzangu kazini amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa kitengo cha usalama cha benki, akimtaka amsomee namba ya uthibitisho iliyokuwa imeingia kwenye simu yake muda uleule. Alikata, lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka. Naomba kila aliyekutana na wizi wa akaunti, utapeli wa mapenzi, duka hewa, ajira hewa au udukuzi wowote aeleze ilivyokuwa, hasa ni wapi mhalifu alipopenya.

Mhasibu Mstaafu
Kwangu alipenya kwenye laini ya simu. Jioni moja mtandao ulikatika, nami nikadhani ni hitilafu ya kawaida, kumbe kuna mtu aliyekwisha kuwasadikisha wahudumu wa kampuni ya simu kwamba yeye ndiye mimi na kwamba kadi yake imepotea, nao wakaihamishia namba yangu kwenye kadi aliyokuwa nayo mkononi. Tangu hapo kila ujumbe wenye namba ya uthibitisho ulimfikia yeye. Kwenye kompyuta niliona barua pepe zikiingia mfululizo: neno lako la siri limebadilishwa, kifaa kipya kimeingia, muamala umekamilika. Kisha barua pepe yenyewe ikanitoa nje na kukataa kunirudisha. Fedha ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni mhudumu aliyeniuliza mara mbili, mbele ya foleni, kama nina hakika kwamba si mimi niliyeomba kubadilishiwa kadi. Asidhani mtu kwamba haya huwapata wasiojua teknolojia tu: mwaka 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyohiyo, ilitekwa kwa kupitia namba yake ya simu.

Msomaji wa Kimya
Haya ya laini yalimkuta dada yangu vilevile, hata swali la mhudumu.

Fundi wa Kompyuta
Ndiyo maana nasema acheni kupokea namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Tumieni programu inayozizalisha ndani ya simu yenyewe, kwa kuwa haitegemei laini. Na badilisheni maneno ya siri kila mwezi.

Mlinzi wa Mifumo
La kwanza naliunga mkono, la pili nalipinga. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri tangu 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili maneno ya siri kwa ratiba, kwa sababu anayelazimishwa huishia kuongeza tarakimu mwishoni mwa lilelile la zamani. Liwe refu, la kila akaunti liwe peke yake, na libadilishwe pakiwa na dalili kwamba limevuja.

Fundi wa Kompyuta
Ofisini kwetu tunabadilisha kila mwezi na hatujawahi kudukuliwa.

Mlinzi wa Mifumo
Ndugu yangu, hilo halithibitishi kwamba ratiba ndiyo iliyowakinga.

Shangazi
Samahani kwa kuwakatiza, ninaandika nikiwa na uchungu. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alizoeana mtandaoni na mtu mwenye picha za msichana. Mazungumzo yakahamia kwenye video, na baadaye akaletewa picha yake ya faragha pamoja na orodha ya majina ya rafiki zake, wazazi wake na walimu wake, akiambiwa alipe la sivyo wote wataiona. Alilipa akiba yake yote, na usiku uleule akadaiwa tena. Mimi niliona tu kwamba hali chakula, na kwamba kila simu ikitetemeka mezani anaigeuza kifudifudi. Nilipomuuliza mara ya tatu akalia, akasema alikuwa akifikiria kujidhuru. Sasa hatumwachi peke yake. Tufanye nini?

Mhasibu Mstaafu
Pole sana, dada. Kampuni niliyowahi kuifanyia kazi ilivamiwa mwaka 2017, wakati programu hasidi ya WannaCry ilipokuwa ikifunga mafaili duniani kote na kudai malipo, nasi tulisema…

Msomaji wa Kimya
Mzee, hilo la kampuni lisubiri, tumsaidie kijana kwanza.

Mwanzilishi wa mada
Afute akaunti zake zote leo.

Mlinzi wa Mifumo
Asifute, atapoteza ushahidi! Asilipe tena pia, kwa maana aliyelipa mara moja huonekana ni wa kulipa tena. Amzuie mhalifu bila kumjibu, aripoti polisi na kwenye mtandao husika. Kama ana miaka 18 au zaidi, aingie StopNCII: huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hapohapo kwenye kifaa chake, bila picha kutoka, na mitandao inayoshirikiana nayo hutumia alama hiyo kuizuia isisambazwe. Na hayo ya kujidhuru yafikisheni kwa daktari au mshauri nasaha leo.

Fundi wa Kompyuta
Katika hili nakuunga mkono kikamilifu.

Shangazi
Ana miaka 20, na daktari anamwona mchana huu. Je, tutunze pia namba aliyotumiwa ili alipie?

Mlinzi wa Mifumo
Ndiyo. Piga picha za skrini za namba hiyo, jina la akaunti na anwani yake, tarehe, pamoja na vitisho vyote, tena kabla ya kuiripoti akaunti, kwani ikishafungwa mazungumzo yanaweza yasionekane tena.