Niko peke yangu maktabani Tororo, nitawapataje wakutubi wenzangu?

Mkutubi_Tororo
Hamjambo ndugu. Natunza maktaba ya shule ya sekondari hapa Tororo, Uganda, mwaka wa sita sasa. Nina diploma, chumba kimoja, rafu kumi na moja, na daftari la kuazimia lililochanika mgongo. Wiki jana yaliletwa maboksi matatu ya vitabu vya msaada, nusu yake sheria za nchi nyingine. Nilikaa nayo mpaka jioni nikijiuliza kama nina ruhusa ya kuyakataa. Mkutubi mwenzangu angenijibu kwa dakika moja, lakini simjui hata mmoja. Walimu huenda semina wakati wa likizo. Mimi nikiomba nauli naambiwa vitabu havihitaji semina. Iliniuma sana. Nianzie wapi, na bando langu ni dogo?

Mzee wa Katalogi
Mwanangu, pole. Nilisomea EASLIS pale Makerere, shule iliyoanza 1963 kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki, na bado wale niliosoma nao ndio ninaowapigia nikikwama. Wewe jiunge na ULIA, chama chetu cha taifa. Kuna pia SCECSAL, mkutano wa vyama vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Hufanyika kila baada ya miaka miwili na huhama nchi hadi nchi, kwa hiyo nauli ni mzigo. Nilihudhuria ulipofanyika huku kwetu. Mada nyingi nimezisahau, ila namba nne za simu nilizopata kwenye foleni ya chai ninazo mpaka leo.
Lakini usisubiri mkutano. Chuo Kikuu cha Busitema hakiko mbali nawe. Panda taksi, ingia maktabani, jitambulishe. Mkutubi hamfukuzi mkutubi.

Mama Maktaba, Masaka
Dada, hayo maboksi unaweza kuyakataa! Andika ukurasa mmoja tu: mnapokea masomo gani, lugha gani, vya umri gani, na kwamba kisichofaa kitarudi au kitapelekwa kwingine. Mwalimu mkuu atie sahihi. Siku nyingine akija mfadhili, unamwonyesha karatasi, hugombani na mtu. Mimi nilifundishwa hilo na wenzangu wa maktaba za jamii. Tuna muungano wetu, UgCLA, tangu 2007. Ukifika huku nitakupeleka Kitengesa uone maktaba ya kijijini inavyofanya kazi.

Arua_Rafu
Kuhusu bando: fuatilia AfLIA, muungano wa maktaba za Afrika wenye ofisi Accra. Mafunzo yao mengi ni ya mtandaoni. Halafu kuna 1Lib1Ref: kuanzia Januari 15, na tena Mei 15, wakutubi duniani huongeza rejea kwenye makala za Wikipedia, wiki tatu kila awamu. Mimi nilitoa kitabu rafuni, nikatafuta makala isiyo na chanzo kuhusu West Nile, eneo letu hili la Arua, nikaweka rejea kwa simu. Bando halikuisha. Hapo ndipo nilipofahamiana na dada mmoja wa Ghana ambaye sasa namwuliza mambo ya Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, karibu kila wiki.

Mkutubi_Tororo
Mzee, shikamoo, na asante. Mama Maktaba, ule ukurasa nimeuandika usiku huu, kesho naupeleka kwa mwalimu mkuu. Alhamisi sina zamu, naenda Busitema. Nabeba daftari langu lililochanika, kwanza niwaulize wao hushona vipi migongo ya vitabu.