Mrejesho: Vijana watatu wa mafunzo ya huduma usharikani kwetu

Wapendwa katika Bwana, mwezi wa pili niliomba ushauri kuhusu vijana watatu tuliowapokea kwa mafunzo ya huduma kwa vitendo, ambao kwa wiki kadhaa walikuwa wakipanga viti na kutoa nakala za ratiba bila mtu wa kuwalea. Mlinishauri kila mmoja apewe mlezi atakayeandamana naye, kama Paulo alivyoandamana na Timotheo, badala ya kumtuma tu.

Tulifanya hivyo. Mmoja yuko kwa mwinjilisti wa mtaa, mwingine kwa mama mzee wa kanisa anayehudumia wagonjwa, wa tatu kwangu. Kilichozaa zaidi ni ziara za hospitalini: binti aliyefuatana na mama yule kwanza alisikiliza tu, kisha akapewa kusoma Zaburi, na wiki ya sita akaongoza sala mwenyewe huku mlezi wake akiwa pembeni. Baada ya kila ziara huketi pamoja kama nusu saa kuzungumza waliyoyaona, na kwa maoni yangu hapo ndipo mafunzo yenyewe hufanyika.

Upande wa mahubiri tumekwenda polepole, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kusahihisha kabla ya kusikiliza, jambo ambalo nimemwomba kijana wangu radhi.

Suala la nauli za vijana hawa, ambalo wengi mlilikazia, limepita katika baraza la wazee. Nauli hizo zitatoka katika mfuko wa usharika kuanzia mwezi ujao. Nawashukuru sana.