Kituo cha sanaa cha jamii kimegeuzwa ukumbi wa sendofu: kazi zetu zimepigwa stepla, watoto wametolewa darasani na hela tumelipa

Wakuu habari zenu. Nimesubiri siku nne nikidhani hasira zitashuka, hazijashuka, kwahiyo acha niseme.

Kuna kituo cha sanaa cha jamii hapa Dar. Jina naliacha kwa sasa maana nataka kwanza nirudishiwe haki yangu, wanaoenda pale watakijua. Mimi pale nina mwaka wa sita. Niliingia sijui hata kushika brashi, tulikuwa kina mama wanane wa kikoba kimoja tukafundishwa batiki na mwalimu mmoja mtu mzima mwenye subira ya ajabu, na leo hii batiki ndo inalipa ada ya mwanangu na kodi ya chumba. Kwahiyo mtu asije akasema nina chuki na kile kituo, nakipenda kuliko baadhi ya wanaokaa ofisini pale.

Sasa sikilizeni. Mwezi jana wakatangaza maonyesho ya wasanii wa mtaani, wiki tatu, kila siku saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Masharti yao ni elfu hamsini ya kutundika kila msanii, na kikiuzwa kitu kituo kinachukua asilimia 30. Wengine walinung'unika, mimi sikunung'unika, nikasema wana umeme wa kulipa na mlinzi wa kulipa, nikatoa elfu hamsini yangu, risiti ninayo. Nikapeleka batiki nne. Ile kubwa ni ya mita mbili na nusu, wavuvi wa soko la samaki la Feri wanashusha samaki alfajiri, nimeiwekea bei laki nne na nusu.

Kwa asiyejua batiki acha nimweleze maana naona wengi wanadhani ni kitambaa tu unachovya unaanika. Unachora kwanza kwa penseli, halafu unayeyusha nta unafunika kila sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe, unazamisha kwenye beseni la njano, unaanika, unafunika tena na nta kila panapotakiwa kubaki njano, unaingia nyekundu, unaanika, hivyo hivyo mpaka rangi ya giza ya mwisho, na ukikosea hatua moja hamna kurudi nyuma, haifutiki. Rangi tunachanganya na kemikali za kostiki na haidro, glavu ikipasuka mkono unaungua, mimi nina kovu kwenye kifundo mpaka leo. Na ukiitoa kwenye beseni rangi haijawa rangi yake, inageuka taratibu ikipigwa na hewa, unasimama pale unaiangalia unaomba Mungu itoke ulivyotaka. Mwisho unachemsha kitambaa kwenye pipa nta yote itoke. Ile ya wavuvi ilinichukua wiki tano, na nilikuwa nafanya usiku mtoto akishalala.

Jumamosi iliyopita, maonyesho yana siku ya nane tu, nikapanga na mteja wangu dada mmoja wa Arusha ana hoteli yake ndogo anatafuta vitu vya kupamba mapokezi. Yuko Dar kwa shughuli zake, akaniambia ana saa moja tu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Tunafika getini saa nane mchana mlinzi ananiambia "Mama leo kuna shughuli, piteni mlango wa nyuma." Shughuli gani tena wakati tangazo la maonyesho liko pale pale getini kwake!

Tukapita nyuma. Kumbe kuna sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi. Ukumbi mzima umefunikwa satini. Zambarau na dhahabu, kuanzia juu mpaka chini, hamna picha hata moja inayoonekana, jukwaa la bi harusi limewekwa palipokuwa na vinyago vya kaka yetu mmoja wa Kimakonde, na vinyago vyenyewe vimelazwa chini kwenye korido watu wanaviruka. Kijana wa mapambo yuko juu ya ngazi na ile stepla ya bunduki, ta ta ta, anagonga satini kwenye zile plaiwudi tulizotundikia kazi zetu. Nikamwambia kijana wangu hebu shuka. Akashuka, akanijibu kwa heshima kabisa na yeye simlaumu, "Mama sisi tumeambiwa kuta zote ni zetu mpaka kesho asubuhi."

Nikaivuta ile satini mwenyewe. Batiki yangu iko chini yake. Hawakuitoa. Wamegonga stepla kupitia kwenye batiki. Nilizihesabu pini kumi na saba, nyingine zimepita kwenye uso wa mvuvi, na kona ya chini kulia mtu alivuta kwa nguvu pamechanika urefu wa kiganja changu. Pamba ikichanika hivyo hairudi, hata ukishona mshono unaonekana na nyuzi za rangi zimeshahama. Mteja wangu alisimama pembeni anaangalia, akaniambia tu "Dada pole, tutaongea." Hajapiga simu mpaka naandika hapa. Laki nne na nusu imeondoka mbele ya macho yangu, na piga hesabu, asilimia 30 ya hiyo ni laki moja na elfu thelathini na tano ambayo ingekuwa yao!

Hapo sijafika kwa watoto na hilo ndo linanifanya nitetemeke.

Binti yangu ana miaka 11, anasoma darasa la kuchora la Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita. Ada elfu themanini kwa Jumamosi kumi na tunalipa yote mwanzoni. Shuleni kwake hamna mwalimu wa kuchora kwahiyo yale masaa matatu kwake ndo kila kitu, Ijumaa usiku anapanga penseli zake kwenye kopo la maziwa bila kuambiwa. Tumefika Jumamosi ya sita, tatu kati ya hizo zimeharibika kwa sababu ya shughuli. Mara ya kwanza walisema ni dharura. Ya pili kitchen pati. Ya tatu ni hiyo hiyo Jumamosi iliyopita, mimi niko njiani namfuata mteja, kumbe asubuhi watoto kumi na tisa wametolewa darasani wamepelekwa kwenye parking, kati ya jenereta na gari la vyakula, mwalimu wao masikini amewagawia karatasi wanachorea magotini. Jenereta inanguruma mtoto hasikii anaambiwa nini.

Na kazi zao za wiki tano zilizokuwa zimebandikwa ukutani kwenye maonyesho hayo hayo (maana walituahidi kona ya watoto, na wazazi tulialika mpaka bibi zao) zimebanduliwa zikarundikwa nyuma ya jukwaa chini ya kreti za soda zenye barafu. Binti yangu alichora kivuko cha Kigamboni kimejaa watu na baiskeli, kwa rangi za maji. Nimeikuta bahari imechuruzika imefunika watu wote, imebaki bendera tu juu. Hakulia. Aliishika kwa pembe mbili isizidi kuchanika akaniuliza, "Mama, kwani sisi hatujalipa?"

Sasa hilo swali mimi nimelipeleka kwa meneja kama lilivyo. Jibu lake, mfadhili aliyekuwa analipa mishahara ameondoka, LUKU ya umeme inakula hela, sherehe moja ya usiku mmoja inaingiza kuliko madarasa ya mwezi mzima. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Na nakubali sehemu ya maneno yake, jengo haliendeshwi kwa maombi na mimi sina shida na sendofu ya mtu, hata wanangu nitawafanyia. Lakini kama unakodisha ukumbi tarehe fulani usiniuzie mimi hiyo hiyo tarehe! Umechukua hela yangu ya ukuta kwa siku ishirini na moja, halafu ukachukua hela ya mwenye harusi kwa ukuta ule ule. Ungekuwa umeuza kiwanja hivyo ungekuwa polisi saa hizi. Uwanja wa nje ni mkubwa, una miembe, turubai linakaa vizuri tu, kwanini sherehe isiende nje na maonyesho yabaki ndani? Hakunijibu. Nikaandika kwenye grupu la wasap la wasanii, meseji ikafutwa na mimi nikatolewa.

Na ile Alhamisi ya mashairi nayo imekufa. Ilikuwa bure, vijana wa bodaboda wanapaki wanaingia, mzee mmoja muuza kahawa alikuwa anaghani mpaka watu wanasahau kuondoka. Sasa hivi kiingilio elfu kumi na viti vya mbele vina majina. Wale vijana wanasikilizia nje ya ukuta.

Wengine mtaniambia ni ukumbi tu, yataisha. Hayaishi. Wa umri wangu mnaikumbuka Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii pale Upanga. George Lilanga, mchongaji na mchoraji ambaye kazi zake zimeenda mpaka Ulaya na Marekani, alipofika pale miaka ya 70 kazi yake ya kwanza ilikuwa ulinzi. Mlinzi! Yaani mahali palikuwa wazi kiasi kwamba mlinzi anaonyesha alichochonga na watu wanamwambia hebu njoo ndani. Lilanga alifariki 2005 na lile jengo leo halipo. Na Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji ambaye picha za Tingatinga zimebeba jina lake, alianza 1968 na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akauawa 1972, miaka minne tu, kilichofanya ile sanaa isife naye ni kwamba alikuwa na vijana wamekaa pembeni yake wanajifunza na baadaye wakaungana wakawa ushirika kule Oysterbay. Watoto kukaa pembeni ya mtu anayejua ndo kitu chenyewe. Na ndo kitu hicho kilichowekwa parking Jumamosi.

Ninachotaka sio kikubwa. Nilipwe batiki yangu kwa bei iliyoandikwa kwenye kibandiko chao wenyewe. Kaka wa vinyago aangaliwe, kimoja kimevunjika mkono. Wazazi turudishiwe Jumamosi tatu, kwa hela au kwa siku, tutachagua wenyewe. Na ratiba ya mwezi ibandikwe getini, tarehe za sherehe na tarehe za madarasa na maonyesho kwenye karatasi moja, mtu aone kabla hajatoa hela yake.

NYONGEZA, usiku: Nimesoma komenti zote asanteni, nashindwa kujibu mmoja mmoja.

Mkuu uliyesema nipeleke kazi soko la vinyago la Mwenge niachane nao, Mwenge naiheshimu na nina ndugu wanauza pale, lakini duka ni duka. Dukani mtu anakuja na bei yake kichwani. Kwenye maonyesho anasimama mbele ya kitu dakika kumi, anauliza umefanyaje, na hapo ndo batiki inatoka kwenye elfu thelathini inafika laki nne. Na mwanangu hawezi kwenda kujifunzia sokoni.

Aliyeuliza kuhusu mkataba, karatasi tuliyosaini ni ya ukurasa mmoja, inasema asilimia zao na ada ya kutundika na siku ya kuja kuchukua kazi zako, hamna mstari hata mmoja unaosema kazi ikiharibika nani analipa. Hapo nilikosea na nawaambia wenzangu wote, msiweke kazi mahali popote kabla hicho kipengele hakijaandikwa, na pigeni picha kila kazi siku ya kutundika, mbele na nyuma. Mimi nilipiga, ndo silaha niliyonayo.

Dada uliyesema wewe ndo ulikuwa unafanyiwa sendofu siku hiyo, nimekuelewa mdogo wangu na hongera kwa ndoa yako. Hukujua, ulilipa hela yako kama mimi nilivyolipa. Asante kwa kunitumia ile risiti inbox, tarehe uliyolipa ni wiki mbili KABLA sisi hatujatangaziwa maonyesho. Kwahiyo walijua. Walipokuwa wanapokea elfu hamsini zetu walikuwa wanajua kabisa siku ya nane kuta sio zetu.

Meneja amenipigia saa moja jioni hii, anataka kunipa elfu arobaini "ya usumbufu" na nifute uzi. Nimekataa na uzi haufutwi. Jumamosi hii wazazi tunakutana getini saa tatu asubuhi kamili, muda wa darasa, tunaingia na watoto wetu na risiti mkononi na hatutoki mpaka tukae na uongozi. Msanii mwenye kazi pale ndani njoo na picha zako za siku ya kutundika. Mwenye mtoto wa darasa la Jumamosi ambaye hayuko kwenye grupu nitumie meseji inbox nikuunganishe leo leo.